Kisogo cha Mkwe

Walikale, tarehe 4 Februari 1943

Kwa Dada Verdiane, Kashuga, Masisi

Dada mpendwa,

Ninakuandikia nikiwa na afya njema, nami naomba barua hii iwakute salama wewe, kaka yako Symphorien, na Mama yako, mkwe wangu mtarajiwa, ambaye jina lake silitaji kwa heshima ninayopaswa kumpa.

Ninayo furaha kukujulisha rasmi kwamba nimethibitishwa kuwa Karani wa Uchukuzi katika kituo hiki cha mto Lowa. Wewe uliyesoma kwa Masista utauelewa uzito wa cheo hiki upesi kuliko wengine kilimani. Vita vinapiganwa mbali, lakini vinakula kila siku, na chakula chao kinapita mbele ya meza yangu. Maharagi ya vilima vyetu yanashuka kwa vichwa vya wapagazi. Mchele na mawese vinatoka humu msituni. Mimi napima, naamuru magunia yashonwe, kisha mitumbwi inayapeleka chini hadi kambi ya askari, mahali Lowa unapoingia katika mto mkubwa. Gari haliwezi kufika huko. Mto ndio barabara, nami ndiye ninayeifungua na kuifunga.

Bwana Ajidan, mkubwa wa kituo, ameniambia mbele ya watu: «Munyakazi, unaandika kama Mzungu.» Tafadhali umsomee Mama sentensi hiyo mara mbili, polepole. Jina langu litapelekwa Costermansville, kwa wakubwa wa jimbo, na kabla ya mwaka kwisha huenda nikawa na ofisi yenye madirisha ya kioo. Nyumba tutakayoanzia maisha haitakuwa ya nyasi.

Wapiga kafi ni watu wa msitu, wenye mabega mapana na midomo mirefu. Wamenitungia wimbo: «Karani amevaa viatu, mtumbwi nao uvae nini?» Nilipomlalamikia mkubwa wao, Papa Émile, alinijibu: «Karani, usikasirike. Wanakuimba kwa sababu wanakuogopa kidogo. Wangekuogopa sana, wangenyamaza.» Nilimwambia kwamba sihitaji kuimbwa.

Jambo dogo la mwisho, nalo libaki kati yetu. Bwana Ajidan aliponiuliza juu ya jamaa zangu na jamaa za mchumba wangu, nilimjibu kwa ufupi kwamba ni watu wa heshima wenye ng'ombe. Sikuona haja ya kuingia katika habari za majembe.

Wako mwenye heshima na matumaini,
Albert Munyakazi, Karani wa Uchukuzi

*

Kashuga, tarehe 19 Februari 1943

Kaka Albert,

Barua yako nimemsomea Mama mara mbili kama ulivyoagiza, na mara ya tatu aliiomba mwenyewe. Alipokwisha kusikia alisema: «Iko muzuri. Lakini umuulize: kama maaskari wanakula maharagi yetu yote, sisi tutakula nini? Barua?» Nilicheka, naye akacheka. Ninakueleza hayo kwanza kwa sababu yanayofuata hayachekeshi.

Kapita, msimamizi wa mwami chifu wetu, alikuja kuchukua vijana wa kazi ya vita. Amemchukua Symphorien. Wamemwandika kuwa mpiga kafi huko kwako, yeye ambaye hajavuka maji makubwa kuliko kijito cha chemchemi yetu. Unakijua kifua chake. Tangu mvua zilipoanza kinapiga kama mlango uliolegea. Mama alimwonyesha kapita: «Angalia, huyu mutoto iko mugonjwa.» Kapita akajibu: «Kifua hakipigi kafi, Mama. Mikono njo inapiga.» Wakaenda naye.

Mama hakulia mbele yao. Jioni ile alikwenda kwa Godelieve, jirani yetu, ambaye ni mjamzito na ambaye jina lake lilikuwa katika zamu ya kubeba maharagi hadi Walikale, akamwambia: «Wewe baki. Mimi nitabeba lako.» Kwa hiyo Mama anakuja kwako, Albert, na gunia kichwani.

Anafahamu kwamba hamruhusiwi kuonana uso kwa uso kabla ya harusi, wala kuzungumza. Amesema: «Nitasimama nyuma ya magunia. Yeye aseme na gunia, gunia liniambie mimi.» Wewe fanya kama mkwe yeyote wa kilima chetu: mpe kisogo, kisha umtume mtu wa katikati akachukue neno lake, na huyo mtu ampelekee chumvi kidogo kuonyesha kwamba kisogo chako hakina hasira. Neno lake ni moja tu. Umwombe Bwana Ajidan amwachilie Symphorien kabla hajapanda mtumbwi. Wewe ndiye unayefungua na kufunga, umeandika mwenyewe.

Nimemwambia Mama asiwe na wasiwasi, kwamba wewe utamaliza jambo hili kwa sentensi moja.

Verdiane

*

Walikale, tarehe 12 Machi 1943

Dada mpendwa,

Barua yako imenifikia katika siku zenye shughuli nyingi mno. Kambi ya askari imeagiza shehena maradufu, na mvua zimeujaza mto hadi mizizi ya miti imefunikwa. Utanisamehe ikiwa maelezo yangu yatakuwa mafupi.

Wabebaji wa Kashuga wamefika salama, na maharagi yao yamepokelewa katika hali nzuri. Mama alikuwa miongoni mwao. Sikuweza kumkaribia, unajua desturi. Aidha, Bwana Ajidan alikuwapo kwa ukaguzi, pamoja na mgeni wake aliyetoka Costermansville, na muda wangu haukuwa wangu.

Kuhusu Symphorien, hali yake ni ya kuridhisha kwa kadiri nilivyoweza kuona. Amepangwa katika mtumbwi imara, chini ya Papa Émile, ambaye anayajua maporomoko yote ya mto huu. Mambo ya aina hii yanahitaji kufuata njia yake na wakati wake. Mtu anayeomba kabla ya saa yake huharibu ombi. Ninakusihi uwe na subira.

Mgeni wa Costermansville aliutazama mwandiko wangu, akatikisa kichwa kwa kukubali.

Wako,
Albert Munyakazi

*

Kashuga, tarehe 20 Machi 1943

Kaka Albert,

Mama amerudi. Barua yako haijanifikia, kama umeandika, lakini siihitaji, maana kilima kizima kimekwisha kunieleza.

Wanawake waliokwenda naye wanasimulia kila mahali. Wanasema ulikuwa umesimama penye mizani, na viatu vyako, pamoja na Wazungu wawili. Zamu ya Mama ilipofika, wewe uligeuka mara moja ukampa kisogo, ukashusha kofia yako ikakufunika uso, ukabaki hivyo mpaka alipopita. Mbele ya Wazungu! Mukashema, ambaye hajawahi kumsifu mtu, alisema: «Wengine wakisoma wanasahau hata kusalimia. Huyu amesoma, na bado anajua kuogopa mama mukwe.» Katekista Théoneste ameliweka katika mahubiri ya Jumapili. Sikujua niangalie wapi. Niliangalia miguu yangu, lakini nilikuwa ninatabasamu.

Na chumvi, Albert! Nilikuagiza umpelekee kidogo, umempa kifurushi kizima. Mama alikifungua hapa nyumbani, akawagawia majirani, kila mmoja kiganja chake. Tangu vita vianze hatujaona chumvi nyeupe namna hiyo. Wote wanakushukuru. Godelieve amesema mtoto akizaliwa wa kiume atamwita Albert.

Mama anasema mtu wako wa katikati alimwahidi kwamba unalishughulikia jambo la Symphorien. Nilipomuuliza mtu huyo ni nani, alisema hakumwona vizuri kwa sababu ya jua. Amechoka, hasemi mengi. Anakaa tu mlangoni akitazama upande wa Walikale. Nimemwambia kwamba mkwe wake si mtu wa kusahau.

Siku hizi ninapita njiani nikiwa nimeinua kichwa, nawe ndiye sababu.

Verdiane

*

Walikale, tarehe 3 Aprili 1943

Dada Verdiane,

Nimepokea shukrani zako na za majirani. Chumvi ile ni kidogo tu, haistahili maneno mengi. Mwambie Godelieve kwamba jina langu si zuri kwa mtoto. Achague jina la mtakatifu.

Mitumbwi ya Papa Émile iliondoka, na Symphorien yumo. Nitaandika zaidi nikipata nafasi.

Mto umejaa sana.

Albert

*

Kashuga, tarehe 11 Aprili 1943

Barua hii imeandikwa na mkono wa Théoneste, katekista. Maneno ni ya Mama Mukamurenzi. Théoneste ameapa mbele ya msalaba kwamba hatamwambia mtu.

Wewe ambaye jina lako sitalitaja,

Si desturi mama mukwe kusema na mukwe. Lakini hakuna mutu wa katikati tena. Ulikuwa na wakati wa kumutuma, hukumutuma. Basi karatasi njo itakuwa mutu wetu.

Mimi nilisimama pale penye mizani. Gunia lilikuwa bado kichwani. Nilipomuona Symphorien amekaa chini na wale wengine, wamewekwa kamba kiunoni juu ya kufundishwa maji, machozi yalinitoka, sikuyaita. Yule Muzungu wako mufupi akakuuliza: «Huyu mwanamke analia nini? Unamujua?» Niliweka masikio. Nilifikiri, sasa atasema. Ukasema: «Simujui, Bwana. Ni wanawake wa mizigo tu, wanalialia.» Kisha njo ukageuka.

Wenzangu walikuwa nyuma. Waliona kisogo, hawakusikia maneno. Mimi nilisikia.

Kisogo iko ndani ya desturi. «Simujui» haiko.

Nilikungoja kule chini ya miti mupaka wenzangu wakaniita twende. Nilifikiri labda utatuma mutu. Njiani nilitoa kitambaa changu cha harusi, kile chekundu, nikapata chumvi kwa muke wa muchuuzi mumoja. Nikasema wewe ulinipa. Usifikiri nilifanya juu yako. Verdiane alikuwa amekwisha kuambia kila mutu kwamba wewe iko mutu wa maana. Pombe ya uchumba wake kilima chote kilikunywa. Nilisema, nikirudi mikono mitupu, watoto wangu wawili wataanguka siku moja: mumoja mutoni, mumoja hapa njiani mbele ya watu.

Basi mimi njo nimeshika nguo inayokufunika. Nimeishika juu, watu wanapita chini yake wanakusifu. Mikono yangu imechoka.

Sikuombi unipende. Sikuombi hata unisalimie. Naomba mutoto wangu. Lile neno ambalo hukulisema pale penye mizani, lingali kinywani mwako. Litoe.

Mukamurenzi

*

Kando ya maporomoko ya Lowa, tarehe 2 Mei 1943

Verdiane,

Usishangae mwandiko huu. Viganja vyangu vimechubuka, na kalamu haikai vizuri.

Nilianza barua hii kwa namna nyingi, na kila mwanzo ulikuwa mzuri, ndiyo maana niliuchana. Basi nitaandika bila kupamba. Siku ile penye mizani, Bwana Ajidan aliniuliza kama ninamjua mama yako. Nilisema simjui. Baada ya kusema hivyo, ndipo nilipogeuka. Mnachokisifu huko Kashuga si heshima. Niliogopa kwamba yule mgeni wa Costermansville ataniona nina undugu na mwanamke mwenye gunia kichwani, aliyekuwa analia, na mwenye miguu iliyojaa tope la safari. Sikutuma mtu wa katikati. Chumvi ni ya mama yako mwenyewe. Muulize kitambaa chake chekundu kiko wapi.

Uliponishukuru, nilikaa mbele ya karatasi kwa muda mrefu, kisha nikaandika kwamba chumvi ile ni kidogo tu. Nadhani sentensi hiyo ni mbaya kuliko ile ya kwanza. Ya kwanza ilinitoka kwa hofu. Ya pili niliitunga.

Nilipopata maneno ya Mama nilikwenda barazani kwa Bwana Ajidan. Kulikuwa na makapita na askari wawili. Nilitaka kungoja waondoke, kisha nikaona kwamba huko ndiko kungoja kulikonifikisha hapa. Nikasema: «Bwana, kuna mpiga kafi anaitwa Symphorien. Ni mgonjwa wa kifua. Ni ndugu wa mchumba wangu. Naomba aachiliwe.»

Akaniuliza: «Tangu lini unajua?»

«Tangu siku aliyofika.»

«Na yule mwanamke aliyelia penye mizani?»

«Ni mama mkwe wangu, Bwana.»

«Uliniambia humjui.»

«Nilikudanganya.»

Hakukasirika, na hilo ndilo lililoniumiza. Alicheka kidogo, akawaambia wale askari: «Mnaona? Mama mkwe wa karani anabeba gunia, karani anapima gunia.» Wote wakacheka. Kisha akasema kwamba mtumbwi wa vita hauendi na nafasi tupu, na kwamba funguo za ghala hazikai kwa mtu wa kusema uongo. Nikaziweka mezani. Nikamwambia nafasi haitakuwa tupu. Aliitazama miguu yangu, akasema: «Vizuri. Lakini utaipata kazi hiyo kuwa ngumu kuliko kuandika.»

Nimemkuta Symphorien hapa, katika kijiji kilicho juu ya maporomoko. Hakufika kambini. Papa Émile alipoona amezidiwa alimwacha kwa mke wake, ambaye anamwekea majani ya moto kifuani na kumlazimisha kunywa mchuzi wa samaki. Amekonda, Verdiane. Aliponiona alisema: «Karani! Umekuja kunipima?» Kisha akakohoa hadi tukamshika. Karatasi ya kumwachilia nimempa mkononi, na atapanda pamoja na wapagazi wanaorudi Masisi na magunia matupu. Wamekubali kumbeba kwa machela pale atakaposhindwa.

Nilitaka kumweleza yote. Nilianza, naye akanikatiza: «Nilikuwa nimekaa pale chini, Albert. Umbali wa hatua chache. Unafikiri masikio yangu nayo yalikuwa yanakohoa?» Alijua siku zote. Alipita mbele yangu akaingia katika mtumbwi bila kusema neno, na mimi niliandika jina lake kwa mwandiko mzuri.

Sasa ninakaa mahali alipokuwa akikaa. Watu wa msitu wameacha kuniimba. Wanasogea kunipa nafasi, wananionyesha namna ya kushika kafi ili nisijichubue, wala hakuna anayetaja viatu. Ningependelea wimbo.

Siombi kitu. Ng'ombe waliotolewa kwa ajili yako ni wa kwenu, hata ukiamua vinginevyo. Kama utaona vema kuwaambia watu kwamba uchumba umevunjika kwa sababu ya vita, sitakanusha.

Albert

*

Kashuga, tarehe 30 Mei 1943

Albert,

Symphorien amefika. Walimbeba sehemu kubwa ya njia. Anakohoa, lakini anakula, na jana alimtukana jogoo wa jirani kwa sauti ambayo hatukuwa tumeisikia tangu mvua. Mama alimwogesha kama mtoto mchanga. Mwenyewe alipinga, akasema: «Mama, nina ndevu.» Mama akamjibu: «Nitaziosha nazo.» Hayo ndiyo uliyokuwa unataka kujua kwanza, hata kama hukuuliza.

Barua yako niliisoma peke yangu, kisha nikamwendea Mama, nikamuuliza habari ya kitambaa. Akasema kimeliwa na panya. Nikamwambia panya huyo anaishi Walikale. Akakaa chini. Alinisihi niiache habari hiyo ilale. «Mutoto wangu, amerudishwa. Imekwisha. Nguo nimeishika mupaka leo, nitaishika mupaka harusi.» Unaona, alikuwa tayari kuendelea. Na wewe, katika barua yako, ulinipa nguo nyingine: niseme uchumba umevunjika kwa sababu ya vita. Nyote wawili mnanipenda kwa kunifunika macho.

Nilikuwa nikipita njiani nimeinua kichwa. Nilipokumbuka hilo, aibu ilinishika hata nikashindwa kwenda kuchota maji kwa siku kadhaa. Sikuona aibu juu yako peke yako. Mama alirudi amevimba miguu, haongei, anatazama upande mmoja tu, nami nilikuwa mlangoni nagawa chumvi na kupokea sifa. Sikumtazama vizuri. Nilikuwa nakutazama wewe.

Basi asubuhi moja nilikwenda chemchemini, wanawake wakiwapo wote, nikasema kwa sauti: «Chumvi ile ilikuwa ya Mama. Alitoa kitambaa chake cha harusi. Albert aliulizwa kama anamjua, akasema hamjui, ndipo akageuka.» Godelieve, mwenye mtoto mgongoni, alisema polepole: «Na mimi nimekwisha kumwita Albert.» Mukashema akaanza kucheka, kisha akaona uso wangu akaacha. Hakuna aliyenisaidia kujitwika mtungi. Nilijitwika mwenyewe.

Théoneste amekuja nyumbani kusema kwamba hajui atahubiri nini Jumapili. Mama hajazungumza nami tangu siku ile, ila kunipa chakula. Anaona haya kupita kwa watu aliowadanganya. Lakini leo asubuhi nimemwona akienda shambani kwa Godelieve kumsaidia kupalilia, na amekwenda bila kitambaa kichwani.

Niliwaeleza pia yaliyofuata: baraza, funguo, mtumbwi. Sikupunguza wala sikuongeza. Wengine wanasema ni vizuri, wengine wanasema ulichelewa. Mimi nasema yote mawili.

Umesema huombi kitu. Kwa hiyo sitakupa jibu la kitu usichokiomba. Ng'ombe wako hapa. Sijawarudisha, wala sijasema kwamba wamepokewa. Sasa hakuna mtu aliyekushikia nguo, Albert, si Mama, si mimi. Ukimaliza zamu yako ya mto na ukataka kuja, usije kwa kupitia migombani nyuma ya nyumba. Pita njia kubwa, wakati watu wote wako mashambani wanaona, na uwasalimie mmoja mmoja. Wengine hawataitika. Wewe salimia tu, mpaka ufike mlangoni kwetu.

Verdiane